Majani ya Katikati ya Mizabibu

Gorna Lipa, 14 Februari 1994

Mdogo wangu Rusana,

Sisi huku wazima, mimi na mama. Wagonjwa ni kondoo, na ndiyo sababu nimeshika kalamu, maana unajua mimi na kalamu hatupatani tangu shuleni.

Wanakufa. Walianza baada ya Krismasi na mpaka leo hawajaacha. Anaanza mmoja kusimama mbali na wenzake, kichwa chini. Kesho yake macho yamekuwa ya manjano kama kiini cha yai, mkojo umegeuka mwekundu mweusi kama divai yetu, na anakunywa maji kama aliyemeza makaa. Siku mbili tatu, kwisha. Na kifo chenyewe kinachagua wazuri, majike walionona, walio karibu kuzaa. Vile vikonda vyangu viwili vya kando vinanitazama tu, vizima kabisa.

Hawa si kondoo wa kununua, Rusana. Ni damu ya kondoo wa baba. Ushirika wa serikali uliwachukua sisi tukiwa wadogo, ushirika umekufa, wakarudi. Baba aliwapokea langoni akilia kama mtoto, wewe ulikuwepo. Mwaka uliofuata tukamzika. Sasa nimemwambia mama na wewe nakuambia: wakiendelea kufa hivi mpaka sikukuu ya Mtakatifu Georgi mwezi wa Mei, nawauza waliobaki kwa mtu wa nyama, nafunga zizi, na yaishe. Siwezi kila asubuhi kuburuta mzoga wa kondoo wa baba yangu.

Leo tulikuwa tunapogoa mizabibu, sikukuu yake. Jirani yetu Stamen alikuja na chupa yake, tukaimwagia mizabibu divai kama desturi, na koo zetu pia hatukuzisahau. Halafu akaanza kunifundisha ufugaji, nikamwambia aangalie nyuki wake. Lakini tulicheka. Tulikumbuka mama alivyokuwa akipika drob ya sikukuu, zile nyama za ndani za kondoo, na wali na mnanaa, na wewe ukichambua sahani nzima kutafuta nyeupe, na nyeusi ukimtupia Stamen chini ya meza. Mama anasema ndiyo maana umeishia kusomea maini, Mungu amekulipizia.

Daktari wa Maini, nisaidie basi.

Kaka yako,
Velko


Sofia, 22 Februari 1994

Kaka Velko,

Barua yako imenikata maini, na usicheke, sina neno jingine. Niliisoma nimesimama ukumbini na koti mwilini.

Kila usiponiandikia najifanya nimesahau, kisha unaandika mistari miwili tu nami nasikia kengele. Unakumbuka baba alivyozipanga? Kubwa kwa dume la mbele, ndogo kwa majike, akizigonga moja moja kwa ukucha mpaka zielewane. Mwezi wa Mei tulipopanda Momina Livada, malishoni kule juu, mimi juu ya punda katikati ya magodoro, nilikuwa nafumba macho na kujua kila kondoo yuko wapi. Hapa kengele ninayoisikia ni ya tramu.

Haya, tuje kwenye kazi. Nadhani ni shaba. Ini la mnyama, kaka, ni kama jiko la mama. Jeni ni mapishi yote anayoyajua, lakini hayapiki yote kila siku. Anatazama kwanza nini kimeletwa mlangoni. Madini ya kwenye majani, shaba, zinki, chuma, yanakuja kidogo mno, chembe tu, lakini ndiyo yanayobisha hodi. Shaba ikizidi, maini ya wanyama wengine huamsha jeni la kutengeneza kitu cha kuikamata hiyo shaba ili isidhuru, kisha wanaitoa. Kondoo ni mzito. Jeni lake linaamka nusu usingizi, na kuitoa shaba hajui vizuri. Anaiweka akiba miezi na miezi, ananona, anapendeza. Halafu siku moja amechoka, au mimba imemlemea, ini linaimwaga yote kwenye damu kwa mkupuo, na damu inaharibika. Ndiyo huo mkojo wa divai. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na sikuwahi kuwaza kwamba itaingia zizini kwetu.

Nahitaji mambo mawili. Kwanza niambie wanakula nini, kila kitu, usinifiche. Pili, akifa mwingine, mpasue mara moja, unitumie drob. Ikatekate vipande vidogo kama vya kupika, itie kwenye chupa ya rakia, pombe iliyo kali kuliko zote, umpe dereva wa basi. Mimi naondoka kwenda Budapest kwenye mkutano, lakini bibi Zlatka wa maabara ataipokea, aikaushe na kuisaga. Nikirudi napima mwenyewe.

Usiwauze. Nakuomba.

Rusana


Gorna Lipa, 3 Machi 1994

Mdogo wangu,

Amekufa yule mwenye doa shavuni. Nimefanya ulivyosema. Chupa anayo dereva, nimeifunga kwa uzi mwekundu na mweupe wa Machi ili maabara yako nayo ipate baraka, na nimemwonya asiinywe. Rakia ni ile ya plamu ya baba, ya mwisho mwisho. Nimekuchagulia iliyo nzuri.

Kuhusu chakula, wanakula majani makavu kama siku zote. Shayiri kidogo kwa wanaokaribia kuzaa. Chumvi. Sina la kuficha, kondoo hawali keki.

Mama anauliza kama Budapest kuna baridi na kama umevaa ile fulana ya sufu. Nimemwambia umeivaa. Ukiulizwa, umeivaa.

Velko


Sofia, 25 Machi 1994

Kaka Velko,

Nimerudi, nimepima, nimerudia. Si shaba.

Unga alioniachia Zlatka una shaba kidogo tu, chini hata ya kondoo mzima. Nikatazama na jeni lenyewe, lile la kuikamata shaba. Limelala fofofo. Ini lililojaa shaba haliwezi kulala hivyo, hata la kondoo. Nilikuwa na hakika, na sasa hakika yangu imeniaibisha mbele ya mashine.

Kwa hiyo ni kitu kingine, na kimewaingia ghafla. Sumu ya panya, dawa ya shambani, sijui. Tazama wanakopita na wanakonywa. Tazama majirani wanatupa nini. Nitauliza wenzangu huku.

Pole, kaka. Nilitaka sana kuwa na jibu, hasa kwako. Wewe uliuza baiskeli yako ili nije kusoma, na kitu pekee ulichowahi kuniomba ni hiki.

Rusana


Gorna Lipa, 4 Aprili 1994

Rusana,

Asante, umenifumbua macho. Kikulacho ki nguoni mwako.

Kondoo wangu wanakunywa kwenye birika la mpakani. Ng'ambo ya birika ni nani? Stamen. Tangu turudishiwe ardhi, nani ananung'unika kwamba mstari ulipigwa vibaya na kisima kilipaswa kuwa chake? Stamen. Nani alinyunyizia dawa ya panya kwenye ghala lake la masega majira ya kupukutika majani? Sikuwa nataka kuamini. Tumelala blanketi moja malishoni, yeye na mimi. Lakini sayansi imeshasema.

Nilimwambia Jumamosi, kilabuni, mbele ya watu. Nikasema Sofia wamepima, wamekuta sumu, na mwenye sumu anajijua. Hakujibu. Aliweka glasi chini akatoka. Mtu asiye na hatia hujibu.

Mama anapika, anaweka sahani, anatoka.

Wamekufa wengine wawili. Mtu wa nyama nimeshamwita, atakuja siku moja baada ya sikukuu ya Georgi.

Velko


Gorna Lipa, 12 Aprili 1994

Kwa Rusana,

Ni mimi, Stamen wa nyumba ya chini. Utashangaa kuona mwandiko wangu, maana mara ya mwisho kukuandikia ulikuwa na umri wa miaka kumi na sita na hukunijibu. Si neno. Ulikuwa unanitupia maini chini ya meza, na mimi mjinga nilikuwa nayala nikidhani ni mapenzi.

Kaka yako ameniita muuaji wa kondoo mbele ya kijiji. Sasa nikiingia dukani watu wanakumbuka wana haraka. Mwanamke aliyekuwa akinunua asali yangu kwa wajukuu zake ameanza kununua sukari. Mke wangu anasema tuhamie kwa binti yetu Burgas. Mimi nilizaliwa kwenye chumba ninachoandikia barua hii.

Sikuombi unitetee. Nataka kujua kitu kimoja. Velko anasema Sofia mmeandika kwamba ni sumu. Wewe ndiye uliyeandika?

Na kama bado unatafuta ugonjwa, nikuambie nilichokiona, ufanye utakalo. Tangu baba yenu afariki, Velko hajapanda Momina Livada. Hata mara moja. Majani ya kule juu hayajakatwa, yanaoza yamesimama. Anayowalisha kondoo kiangazi na baridi ni majani ya katikati ya mizabibu, ile ile anayoipulizia dawa ya jiwe la buluu kila mvua ikinyesha, mpaka mashina yanabaki na rangi ya anga. Nilimwambia siku ya kupogoa. Akaniambia niangalie nyuki wangu.

Nawaangalia. Wazima.

Stamen


Sofia, 16 Aprili 1994

Velko,

Jibu swali langu kwanza, kabla hujakasirika. Kwenye ile chupa uliweka drob ipi?

Nimeamka leo nalo kichwani. Nilikuandikia "drob" tu. Kwetu nyeusi ni ini na nyeupe ni mapafu, na mimi niliyesoma vitabu vyote hivi niliandika kama mtu anayeagiza chakula cha sikukuu. Kwangu, baada ya miaka ishirini maabara, drob ni ini, hakuna nyingine. Nilikuta unga mkavu kwenye kichupa, nikapima unga. Sikuuliza. Mapafu hayaweki shaba, na jeni lile kwenye mapafu hulala hata kondoo akiwa anakufa kwa shaba.

Jambo la pili. Stamen ameniandikia. Anasema unawalisha majani ya katikati ya mizabibu. Jiwe la buluu ni shaba, Velko. Ni shaba tupu. Mimi nilikuuliza wanakula nini, ukaniambia "kama siku zote".

Sikusema Stamen ana sumu. Sikusema mtu yeyote ana sumu. Lakini niliandika neno "majirani" kwa uzembe na wewe ulilibeba mpaka kilabuni, kwa hiyo aibu hii tunagawana.

Nijibu kwa telegramu kama huna nguvu ya barua.

Rusana


Gorna Lipa, 23 Aprili 1994

Mdogo wangu,

Nyeupe. Nilikutumia nyeupe.

Usiniulize nilikuwa nawaza nini. Nilipompasua, ile nyeusi ilikuwa ya kutisha, ya manjano, inamomonyoka vidoleni kama jibini lililoharibika. Mama alikuwa amesimama mlangoni, akasema kitu kama hicho hakitoki nyumbani mwetu kwenda kwa wasomi, watasema tunaishi na uchafu. Nyeupe ilikuwa safi. Na mkono wenyewe ulikwenda kwa nyeupe, Rusana. Nikikukatia wewe drob, nakata nyeupe. Ndivyo nilivyofanya tangu ukiwa huwezi kushika uma.

Leo nimekutumia nyeusi ya yule aliyekufa jana, na ubaya wake wote. Rakia ni ya dukani, ya baba imekwisha.

Na sasa hili jingine. Baba kabla hajafa alinishika mkono, akaniambia njia ya juu nisiiache ifunge. Nikamwahidi. Mwaka ule ule nilifika kwenye chemchemi ya kwanza na kundi, nikakaa juu ya jiwe, nikashindwa. Kila mahali alipokuwa anasimama kuwasha kiko, niliona hapana mtu. Nikarudi. Nikamwambia mama kwamba majani ya juu mwaka huo mabaya. Mwaka uliofuata nikasema mguu unaniuma. Nikakata majani ya mizabibuni, yako karibu, yanapendeza, mengi. Kwako sikuandika kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukipenda kule juu kuliko sisi wote, na nilitaka huko Sofia uendelee kuamini kwamba kengele zinapanda kila Mei.

Nimemuona Stamen jana barabarani. Alinipisha, kama anavyompisha mgeni.

Velko


Sofia, 30 Aprili 1994

Kaka yangu,

Ni shaba. Ini la yule wa mwisho limejaa shaba mara nyingi kupita kiasi, na jeni limeamka, maskini, linahangaika, lakini limechelewa kama mtu anayetafuta ndoo nyumba imeshaungua.

Fanya hivi. Majani ya mizabibuni yote toa zizini leo, usiwape hata punje, na mizabibuni wasikanyage tena. Nimempa dereva kopo la unga mweupe. Ni zinki. Changanya kidogo kwenye chumvi yao, kipimo nimeandika juu ya kopo. Zinki hubisha hodi kwenye jeni lile lile, linaamka mapema kabla ya shaba, na tumboni inaifungia shaba mlango. Walio na manjano tayari baadhi watakufa, jiandae. Wengi watapona, lakini siwezi kukuahidi wote.

Na waondoe huko chini. Wakipumzishwa na shaba miezi ya kiangazi, ini hujisafisha polepole. Sasa naelewa kwa nini kondoo wa baba hawakuwahi kufa hivi, ingawa babu naye alipulizia jiwe la buluu. Walikuwa wanapanda. Nimeandika makala tatu kuhusu ini la kondoo na hakuna hata moja iliyotaja kwamba mwezi wa Mei kondoo huhama. Nililia kidogo nilipoliona hilo, nikajisemea ni moshi wa sigara za Zlatka.

Hukuniudhi kwa kunificha. Mimi pia nilikuwa naandika kwamba nina furaha Sofia.

Mtu wa nyama mfukuze. Na kwa Stamen uende wewe, kwa miguu yako, kabla ya sikukuu. Barua yangu haiwezi kukusaidia hapo. Mimi nimeshamwandikia kwamba kosa la kupima ni langu. La kilabuni ni lako.

Rusana


Momina Livada, 9 Mei 1994

Kwa Rusana,

Nakuandikia nimekaa juu ya gogo, kwa hiyo uvumilie herufi. Karatasi ni ya mfuko wa chumvi.

Kaka yako alikuja asubuhi ya sikukuu. Hakugonga. Alisimama langoni kofia mkononi, na mke wangu alimwona kwanza, akaingia ndani na kuanza kugonganisha vyombo ili nisikie kwamba hakubaliani. Nikatoka. Velko hakuomba msamaha. Aliniuliza kama njia ya juu bado inapita kushoto kwa chemchemi ya pili, au vichaka vimeimeza.

Nikamwambia imemezwa. Akasema basi hatafika. Nikamwambia peke yake hatafika.

Alibaki pale akiigeuzageuza ile kofia. Nyuma yake barabarani kondoo wote walikuwa wamesimama wanangoja, wamevaa kengele, na mama yenu amesimama katikati yao na fimbo kana kwamba na yeye anapanda, na umri ule. Wengine bado wana macho ya manjano kidogo. Nilitaka kumfungia lango, Rusana. Mkono ulikuwa juu ya komeo. Lakini kondoo walianza kusogea wenyewe kuelekea juu, wale wakongwe wanaokumbuka, na Velko akageuka kuwatazama na uso wake sikuweza kuuvumilia. Nikaingia ndani nikachukua panga na viatu.

Tulitembea kutwa. Mimi nikikata vichaka, yeye akisukuma nyuma. Kwenye lile jiwe la chemchemi ya kwanza alipunguza mwendo. Nikamwita kwa jina, nikamwambia dume limepotea kulia, uongo mtupu, akakimbia kulitafuta na akapita jiwe bila kukaa.

Mmoja alikufa njiani. Wengine wanakula. Majani ya miaka mitatu yamelala chini, na mapya yanachipua katikati yake, na wanayachagua kama wageni wa harusi. Wameanza kutengana na kuita watoto wao.

Amesema tukishuka atakwenda kilabuni Jumamosi, atasimama alipokuwa amesimama, na atayasema yote kinyume. Hilo nitaliamini nikilisikia. Nisikudanganye, sijamsamehe. Nikiwa nakata kuni bado naisikia ile glasi nilivyoiweka chini.

Lakini leo asubuhi alikamua. Wewe unajua desturi ya baba yenu huku juu, maziwa ya kwanza ya msimu hakumpa mtu ila awe mgeni au ndugu, na yeye mwenyewe alikunywa mwisho. Velko alikuja na bakuli, akalinyoosha kwangu na kuangalia pembeni.

Sikumuuliza mimi ni yupi kati ya hao wawili. Nikanywa.

Stamen